Kujisaidia na Kusaidiana: Vitabu vya Kujiendeleza Vinaposomwa Mayfair

Mtu akitaka kulitafsiri jina la kitabu cha Samuel Smiles, Self-Help, kilichotoka London mwaka 1859, atakutana na kikwazo mara moja. Kujisaidia, kwa Kiswahili cha adabu, ni kwenda msalani. Ndiyo maana waandishi na wauza vitabu wetu wameliepa neno hilo na kuchagua mengine: kujiendeleza, kujitambua, kujikwamua, hamasa, mafanikio. Jambo hili huchekesha darasani, kisha husahauliwa. Si busara kujenga falsafa nzima juu ya tasfida moja, lakini si busara pia kuipita bila kuitazama. Lile ambalo mtu hujifanyia peke yake lugha imelipeleka faraghani; msaada unaotajwa hadharani, kwa heshima, umewekwa katika kauli ya kutendana: kusaidiana.

Makala haya yanavisoma vitabu vya kujiendeleza kutoka mahali mahususi, mtaa wa Mayfair, Johannesburg, ambako wasomaji wengi ni wageni kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Swali lake ni hili: mafunzo ya kila siku ya vitabu hivyo kuhusu maisha yenye kusudi yanabaki na thamani gani mikononi mwa msomaji asiye na hati za kudumu, ambaye karibu kila hatua aliyoipiga aliipiga akiwa ameshikwa mkono na mwenzake? Nitadai kwamba mafunzo mengi yanabaki na thamani, tena kubwa, ila maelezo yanayoambatana nayo, kwamba mtu hufaulu kwa nguvu ya nafsi yake, hayapiti katika mizani ya Mayfair. Nitadai pia kwamba fasihi ya Kiswahili ilikuwa na umbo la kuyafundisha hayo hayo kwa namna nyingine, na kwamba waandishi wetu wa hamasa wameliacha umbo hilo bila sababu ya kutosha.

Mwaka mmoja kabla ya Smiles

Smiles alikuwa Mskoti aliyesomea udaktari, akawa mhariri wa gazeti mjini Leeds. Kitabu chake kilitokana na mihadhara aliyowapa vijana wafanyakazi wa mji huo mwaka 1845. Ni mkusanyiko wa habari za watu waliopanda kutoka chini: wafinyanzi, wahandisi, wavumbuzi. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 20,000. Mwaka 1871 kilitokea kwa Kijapani, na mwaka 1880 Yaqub Sarruf alikitoa kwa Kiarabu mjini Beirut. Kwa hiyo hata wasomaji wa Kiarabu katika pande zetu za Bahari ya Hindi wangeweza kukipata kabla karne ya 19 haijaisha.

Mwaka 1858, yaani mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtawala aliyepambana na Sayyid Said wa Zanzibar, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Anamwita bintiye akae karibu, ashike wino na karatasi, kisha anampa wosia wa namna ya kuishi: dini, adabu, ulimi, uaminifu, kuwapenda jamaa, kuwakumbuka maskini, na wajibu kwa Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Mafunzo mengi ni ya kila siku kabisa. Yanahusu kuamka, kusafisha, kupokea wageni, kuchagua wa kuongea naye na wa kumwepuka.

Tukiziweka kazi hizi mbili pamoja, tofauti ya kwanza ni ya msemeshwa. Smiles anasema na yeyote atakayenunua. Mwana Kupona anasema na mtu mmoja anayemjua kwa jina na kwa hulka, na wengine wote tunasikiliza kwa hisani ya yule mmoja. Tofauti ya pili ni ya mamlaka ya msemaji. Katika vitabu vya kujiendeleza, mwandishi au watu anaowasifu wana haki ya kufundisha kwa sababu wamefaulu. Katika utendi, mama anafundisha kwa sababu anaondoka. Anasimulia ndoa yake mwenyewe, kisha anajiombea dua yeye na watoto wake. Udhaifu wake haufichwi. Ndio unaompa haki ya kusikilizwa. Tofauti ya tatu ni ya kusudi lenyewe. Mwana Kupona hamwulizi bintiye anataka kuwa nani. Anamwonyesha ana deni kwa nani.

Hapa msomaji wa leo atasita, na ni haki yake. Deni hilo ni zito, hasa kwa mume, na mistari mingi inamtaka mke awe mtumishi wa starehe ya mumewe. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu pamoja na tafsiri mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza linaloufanya wote kuwa wosia juu ya wajibu wa mke, kana kwamba dua, ugonjwa, jamaa na maskini ni mapambo tu. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliusoma upya na kuonyesha kwamba sauti ya mama huyu ina kejeli na hila za mwenye kujua mamlaka yanavyofanya kazi. Hata tukiukubali usomaji huo, lazima tukiri jambo moja: vitabu vya kujiendeleza vimempa msomaji mwanamke ruhusa ambayo wosia wa kale haukuitoa waziwazi, ruhusa ya kuuliza, “Mimi nataka nini?” Uhakiki unaousifu wosia bila kulitaja hili ni uhakiki wa upande mmoja.

Mtaa na wasomaji wake

Mayfair iko magharibi ya kitovu cha Johannesburg, ikipakana na Fordsburg. Chini ya ubaguzi wa rangi lilikuwa eneo la Wazungu wa tabaka la wafanyakazi. Katika miaka ya 1980 familia zenye asili ya Kihindi zilikuwa zikihamia humo kabla sheria haijawaruhusu, na sheria ya kugawa makazi kwa rangi ilifutwa mwaka 1991. Mwaka huohuo dola ya Somalia ilianguka. Katika miaka iliyofuata Wasomali walijenga humo, hasa kando ya 8th Avenue, mji mdogo wa maduka ya jumla, migahawa, nyumba za kulala wageni na ofisi za kutuma fedha, hata sehemu hiyo ikaitwa Mogadishu Ndogo. Wapo pia Waethiopia, Wapakistani, Wabangladeshi na wengine. Kiswahili kimefika humo kwa njia za mzunguko, kwa vinywa vya waliokulia Islii au kambi za Dadaab, Wabajuni wa Kismayu, Wakongomani wa mashariki, Watanzania na Wakenya. Mara nyingi ni lugha ya pili au ya tatu, lugha ya kuulizana bei na habari za njiani.

Wakazi wengi wa mtaa huu wanaishi kwa hati ya mwomba hifadhi inayotolewa chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Ni karatasi ya muda, na imezoeleka kuhuishwa kila baada ya miezi michache. Ofisi ya kupokea wakimbizi iliyokuwa Crown Mines, jirani na Mayfair, ilifungwa mwaka 2011, na walioitegemea wakalazimika kwenda Pretoria. Juu ya hayo ipo hofu ya ghasia. Mashambulizi ya Mei 2008 yaliua watu 62 nchini humo, na mengine yamefuata. Mwenye duka katika kitongoji cha mbali anajua kwamba bidhaa za miaka mitano zinaweza kwisha usiku mmoja.

Ni rahisi kwa mhakiki kusema kwamba watu wa namna hii hawana haja na vitabu vya hamasa. Huko ni kuwadharau. Vitabu hivi husomwa mno Johannesburg, hata kando ya barabara. Philani Dladla, aliyejulikana kwa kuuza na kuhakiki vitabu mbele ya madereva wa mji huo, ameeleza katika The Pavement Bookworm, kitabu chake cha mwaka 2015, jinsi vitabu vilivyomsaidia kutoka katika dawa za kulevya na maisha ya mtaani. Ushahidi wa aina hiyo haufutwi kwa kejeli za chuo kikuu. Kilicho bora ni kuyachukua mafunzo yenyewe, moja moja, na kuyapima.

Mafunzo matatu katika mizani

Fundisho la kwanza ni la Stephen Covey, katika The 7 Habits of Highly Effective People cha mwaka 1989: anza ukiwa umeuona mwisho. Covey anamtaka msomaji aufikirie mpaka msiba wake mwenyewe, ajiulize angependa waombolezaji waseme nini juu yake, kisha apange maisha yake kuelekea hapo. Kwa mwenye karatasi ya miezi sita, fundisho hili linagongana na ukuta. Mpango wa miaka kumi unahitaji serikali inayokubali kwamba utakuwapo kwa miaka kumi. Hata hivyo Covey huyohuyo ana fundisho lingine linalofaa zaidi Mayfair kuliko kitongoji cha matajiri: tenga yale unayoweza kuyagusa na yale yanayokusumbua tu, kisha weka nguvu zako katika yale ya kwanza. Foleni ya Pretoria huiwezi. Hesabu ya dukani unaiweza. Aliyekaa ughaibuni bila hati huligundua fundisho hili kabla ya kulisoma, na akilisoma hufarijika kuona kwamba lina jina.

Na zoezi la msiba nalo lina jambo ambalo Covey hakulifikiria. Mhamiaji ana jibu la haraka kwa swali la nani atasema nini siku hiyo, kwa sababu anajua maiti yake itahitaji mchango ili isafirishwe au izikwe, na anajua majina ya wachangaji. Kwa Covey waombolezaji ni hadhira ya mafanikio ya marehemu. Mayfair wao ndio watakaogharimia jeneza au sanda.

Fundisho la pili ni la akiba. George Clason, katika The Richest Man in Babylon cha mwaka 1926, anafundisha kwamba sehemu moja ya kumi ya kila pato iwekwe kando kabla ya matumizi mengine yote. Ni fundisho jema, na limeokoa watu wengi. Lakini linategemea nia ya mtu mmoja dhidi ya tamaa ya mtu huyohuyo, na linahitaji mahali salama pa kuweka fedha. Mayfair ina chombo kingine. Wasomali hukiita hagbad, au ayuuto. Watanzania wanakiita upatu au mchezo, Wakenya chama, na wenyeji wa Afrika Kusini wana stokvel. Tuchukue mfano. Watu 10 wanachanga randi 1,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapokea randi 10,000. Anayepokea mwezi wa kwanza amekopeshwa randi 9,000 na wenzake, bila riba. Anayepokea mwezi wa kumi ameweka akiba. Chombo kimoja ni benki ya mkopo kwa huyu na benki ya akiba kwa yule, na Mwislamu anayeogopa riba hana la kuogopa humo.

Kinachomfanya mtu alipe ni haya mbele ya watu tisa wanaomjua mama yake. Nia anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Linalonivutia zaidi ni jina. Ayuuto limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya msaada. Neno lile lile ambalo Smiles aliliunganisha na nafsi, Wasomali wamelipokea kutoka kwa mkoloni wakalifanya jina la mduara wa watu.

Fundisho la tatu ni la tabia ndogondogo, ambalo James Clear amelieneza kwa Atomic Habits, kitabu cha mwaka 2018. Usingoje badiliko kubwa. Fanya jambo dogo kila siku, na ulifungamanishe na jambo ambalo tayari unalifanya. Hili, kwa maoni yangu, ndilo fundisho bora la fasihi hii nzima. Waswahili hawakulikosa, kwani haba na haba hujaza kibaba ni hekima ileile. Anayeswali mara tano kwa siku tayari ana misumari mitano ya kutundikia tabia nyingine: kusoma kurasa mbili baada ya alfajiri, kuandika hesabu ya siku baada ya isha. Hapa kitabu hakihitaji marekebisho mengi. Kinahitaji tu mtafsiri anayeijua siku ya msomaji wake.

Mtu aliyetimiza masharti yote

Kama ningetakiwa kupendekeza kitabu kimoja cha kusomwa kando ya vitabu hivi, ningechagua A Man of Good Hope cha Jonny Steinberg, kilichotoka mwaka 2014. Ni maisha ya Asad Abdullahi, Msomali aliyeikimbia Mogadishu akiwa mtoto baada ya mama yake kuuawa mwaka 1991, akapitia Kenya na Ethiopia. Alipokaribia utu uzima alikuwa amejitengenezea riziki Addis Ababa kama dalali kati ya wafanyabiashara Waethiopia na wakimbizi wa Kisomali. Alioa mwanamke aliyemtaka, akatia mfukoni dola 1,200, akateremka bara lote mpaka Johannesburg, akiamini kwamba huko ndiko kwenye mali.

Hebu tumpime Asad kwa vigezo vya Smiles. Ana bidii, ana ujasiri, ana ndoto, anathubutu, anajifunza haraka. Ametimiza masharti yote. Afrika Kusini inampokea kwa biashara ndogo katika vitongoji, kisha kwa uporaji na mauaji ya jamaa. Mwishowe Steinberg anakutana naye Blikkiesdorp, makazi ya mabati nje ya Cape Town, na wanafanya mahojiano ndani ya gari, mahali ambapo Asad anaweza kuona anayekuja. Katika kitabu cha hamasa sura hii isingekuwapo, au ingekuwapo kama majaribu yanayotangulia ushindi.

Ubora wa kazi ya Steinberg ni kwamba haitumii maafa hayo kumkejeli Asad kwa kuwa na matumaini. Jina la kitabu linamheshimu. Msomaji anaona mtu aliyeyaongoza maisha yake kwa maamuzi yake, na papo hapo anaona kwamba matokeo hayakuwa mikononi mwake. Ukweli huu wa pande mbili ndio ambao vitabu vya mafanikio hushindwa kuubeba. Vinaogopa kwamba msomaji akijua matokeo si yake, ataacha kujitahidi. Asad anaonyesha kwamba mtu anaweza kujua hivyo na bado akajitahidi.

Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, aliliona hili katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1946, ambacho dunia inakijua kwa jina la Man's Search for Meaning. Kwake mtu haundi maana ya maisha kwa kutamani. Maisha ndiyo yanayomwuliza, naye hujibu kwa kazi, kwa upendo na kwa namna anavyoubeba mzigo usioepukika. Frankl huwekwa rafu moja na vitabu vya mafanikio, lakini kwa hili yuko karibu zaidi na Mwana Kupona kuliko na Smiles: kusudi ni jibu kwa anayekudai.

Tatizo la vitabu vyetu

Vitabu vya hamasa vya Kiswahili vimeongezeka, na vina wasomaji wengi. Jina kama Timiza Malengo Yako, la Joel Nanauka, linaonyesha mtindo: sauti ya amri, nafsi ya pili umoja. Reginald Mengi alichagua nafsi ya kwanza katika I Can, I Must, I Will cha mwaka 2018, na jina hilo linamtaja “mimi” mara tatu. Kwa Kiswahili “mimi” huyo asingepata nafasi ya kusimama peke yake. Angekuwa silabi iliyoshikamana na kitenzi, naweza, nitaweza. Sina ugomvi na amri, wala na umoja. Ugomvi wangu ni na mifano. Mara nyingi mno mifano ni ya mabilionea wa Marekani, na mara chache mno ni ya mwanamke aliyesomesha wadogo zake kwa zamu ya upatu. Hasara hutajwa ikiwa tu ililipwa baadaye. Na mwandishi hasemi ni nani aliyemkopesha mtaji wa kwanza.

Fasihi yetu ina mfano mwingine, wa karibu kuliko utendi wa 1858. Katika Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968, Shaaban Robert anamchora mtu anayeacha kazi ya ofisini yenye malipo mazuri akaenda kulima Busutamu. Hiyo ni riwaya ya maisha yenye kusudi, yenye mafunzo kila ukurasa, pengine mengi kuliko inavyoweza kubeba riwaya. Wahakiki wameilalamikia kwa kuhubiri, na hawakukosea. Lakini Utubora hapimwi kwa alichokusanya. Anapimwa na majirani, na utu wake unaonekana katika yanayowatokea wao. Riwaya ililazimika kuwapa majirani hao majina, vinywa na haki ya kumhukumu. Mwongozo wa kurasa 150 wenye orodha ya mbinu haulazimiki kumpa jina mtu yeyote isipokuwa mshindi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa waandishi na wahariri ni la kiutendaji. Yabakizeni mafunzo: hesabu ya kila jioni, tabia ndogo, akiba kabla ya matumizi, kutenganisha unaloliweza na usiloliweza. Ila yaandikwe kwa umbo la wosia, kwa msemeshwa anayejulikana, na msemaji asiyeficha alipoanguka. Iwekwe sura ya hasara isiyolipwa. Na mwishoni, mahali ambapo vitabu hivi huacha mistari mitupu ili msomaji aandike malengo yake, iachwe pia mistari ya kuandika majina mawili: la mtu aliyemshika mkono, na la mtu atakayemshika yeye. Msomaji wa Mayfair ataijaza mistari hiyo haraka kuliko ile ya malengo, naye atakuwa ameyataja mengi kuhusu kusudi la maisha yake.